Mhariri Mkuu Nyuma ya Ua

Jumatano, 2 Juni 1954

Nimeamua. Naanzisha jarida. Si gazeti! Magazeti yapo, na watu wanayafungia chumvi. Hili litakuwa jarida la kitaalamu, lenye makala ndefu, na maelezo madogo chini ya ukurasa ambayo hakuna anayeyasoma lakini kila mtu anayaheshimu. Jina lake ni Vijana, Sauti na Picha. Litachunguza jinsi vijana wa Mbozi na Unamwanga wanavyofundishwa, au wanavyopotoshwa, na redio, santuri, sinema na magazeti. Mhariri Mkuu: Mwalimu Mika Nzunda. Yaani mimi.

Nimemweleza mke wangu Nesta. Akauliza nani atalisoma. Nikamjibu kwamba jarida la kitaalamu halitafuti wasomaji, linatafuta heshima. Akaendelea kuchambua maharage. Nilikasirika, lakini sikusema, maana nilikuwa na njaa.

Haraka ipo. Jumamosi ya tarehe 26 Bwana Elimu, Mzungu anayesimamia shule zetu, anakuja kutoka Mbeya kwenye mkutano wa walimu na wazazi hapa Vwawa. Misheni imetoa mashine yake ya kurudufu na mabunda ya karatasi, kwa chapisho moja tu kwa mwaka mzima. Bwana Elimu atasikiliza waombaji, kisha atachagua. Na nani ameshaomba kabla yangu? Nathanaeli! Mwalimu mkuu wetu. Anataka kutoa kijitabu cha kila mwezi kuhusu miche ya kahawa. Miche! Mche unahitaji maji, hauhitaji kusomewa.

Huyu Nathanaeli nilikaa naye dawati moja chuoni. Siku moja mkufunzi alisoma insha yangu mbele ya darasa lote, kuonyesha jinsi insha isivyotakiwa kuandikwa. Darasa likacheka. Na yeye alicheka, nilimsikia. Miaka minne iliyopita akapewa ukuu wa shule na mimi nikapewa funguo za stoo. Jina langu halijachapwa popote duniani isipokuwa kwenye orodha ya waliobatizwa, na hapo niko wa arobaini na moja. Nataka lichapwe mara moja tu, juu kabisa, peke yake. Basi! Sidhani ni jambo kubwa kuomba.

Alhamisi, 3 Juni

Nimepata utaratibu. Zamani niliokota kipande cha jarida la Kizungu kwenye takataka za nyumba ya misheni, nusu limeliwa na mchwa. Leo nimelisoma lote lililobaki. Kumbe makala haichapwi hivihivi! Hupewa mabingwa wawili waihukumu. Jina la mwandishi hufutwa. Na mabingwa nao hawaweki majina yao. Mambo safi sana. Nimeandika kanuni hiyo kwa wino mwekundu: ANAYETIA SAHIHI ATAFUKUZWA.

Mabingwa nimewateua. Wa kwanza ni Nathanaeli. Akiisifu makala yangu, amejifunga mwenyewe mbele ya Bwana Elimu. Akiiponda, wivu wake utaonekana. Wa pili ni Mwalimu Timotheo wa Msangano, ndugu wa upande wa Nesta na rafiki yangu wa kweli, ambaye amesifu kila nilichowahi kufanya, hata kuimba kwangu.

Mwalimu Andongwisye wa Itumba ameniletea makala ya kwanza, kuhusu gari la sinema lililofika kwao. Naiandika hapa yote: Sinema ilikuja, mvua ikanyesha, ikaondoka. Nimemrudishia arefushe.

Makala kuu lazima niiandike mimi. Kuhusu redio. Na hapa ndipo penye tatizo, maana redio ninayoijua karibu ni moja, ile ya bati inayofanana na sufuria. Iko Tunduma, imeletwa na mjomba wa Nesta kutoka migodini ng'ambo ya mpaka, na inanasa matangazo ya Kibemba kutoka Lusaka. Iko ndani ya nyumba ya mkwe wangu.

Mkwe ni mama yake Nesta. Jina lake siliandiki hata humu, mkono wenyewe unakataa. Kwa mila yetu sithubutu kuonana naye uso kwa uso. Nikimwona njiani naingia porini. Nyumbani kwake naishia nje ya ua. Wakwe wengine huondolewa mwiko huu: mwanamume huenda na jembe, humlimia mkwe siku nzima, kisha huingizwa ndani kwa sherehe, akala, akakaa, mambo yakaisha. Mimi nimeoa miaka sita na sijaingizwa. Kwa nini? Kwa sababu nina cheti cha ualimu! Mwenye cheti hapigi jembe mbele ya watu wa Tunduma. Nesta hulisema jambo hili kila msimu wa kilimo, na kila msimu namjibu vilevile.

Jumamosi, 5 Juni

Utafiti umefanyika! Nimepanda baisikeli asubuhi na baridi, nikafika Tunduma vidole vimekufa ganzi. Nikazunguka nyuma ya ua wa matete, nikageuza kinu kilichopasuka, nikakaa juu yake na daftari. Kutoka pale hadi ukuta wa nyumba ni hatua nne. Mtafiti gani wa Ulaya amewahi kukaa karibu hivyo?

Redio ikaanza. Kwanza nyimbo, kisha habari, kisha mchezo wa kuigiza wa mwanamume aliyeenda migodini akasahau mkewe. Nimehesabu yafuatayo. Vicheko, thelathini na kimoja. Vigelegele, tisa. Ugomvi, mara mbili. Kilio, kimoja, kirefu. Sauti nyororo za kike zikipiga makelele, Mayo! Mayo! yaani mama wee! Miguu ikicheza. Mmoja alimwambia mtangazaji kwamba ni mwongo na kwao wanamjua. Mwingine akaapa kwa sauti kubwa kwamba hatoki kwenda kuvuna hadi mchezo uishe, na asiyetaka akavune mwenyewe. Niliandika mbiombio! Vikapu sita vitupu vilikuwa vimeegemezwa langoni, na ulezi umesimama shambani.

Ni dhahiri. Wasichana sita, wa miaka kumi na minne hadi kumi na minane, wameacha kazi, wamewakaidi mama zao, wametekwa na sufuria linalosema. Umri nimeukadiria kwa kicheko. Mtafiti mzoefu hakosei.

Elina akatoka na chakula. Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake Nesta, mwenye mdomo. Aliponiona juu ya kinu akanitania kwamba nafanana na mwizi wa kuku aliyechoka kusubiri kuku walale. Kisha akauliza kwa nini nisimwulize tu waliomo ndani ni kina nani. Akafungua mdomo anieleze. Nikainua mkono! Nikamfahamisha kwamba mtafiti akiuliza hudanganywa, akisikiliza hupata ukweli. Akaniwekea ugali wa ulezi na samaki mkavu, akasema sawa, shemeji, sikiliza.

Akanifikishia pia ujumbe wa mkwe, uleule wa kila mwaka. Kwamba niende na jembe siku moja tu, hata nusu siku, niingizwe ndani kama wakwe za watu. Nikajibu kwa adabu kuhusu cheti. Elina akasema jibu hilo atalipunguza maneno kidogo kabla ya kulifikisha. Samaki alikuwa mtamu.

Jumanne, 8 Juni

Makala imekamilika. Redio na Uharibifu wa Wasichana wa Tunduma: Uchunguzi wa Karibu Sana. Kurasa kumi na sita. Maelezo ya chini arobaini na manne. Mwisho nimependekeza serikali ipige marufuku redio kwa kila mwanamke aliye chini ya miaka thelathini. Mwenye nyumba nimemwita bibi mmoja mpole asiye na nguvu juu ya vijana wake. Nimefikiri atafurahi kutetewa hivyo.

Nimenakili mara mbili bila jina. Hakuna atakayenitambua kwa mwandiko, maana walimu wote wa huku tulifundishwa na mmisionari mmoja aliyekuwa akipiga rula kila herufi iliyolala. Mwandiko wetu ni mmoja, ukiona wangu umeona wa Timotheo. Nakala moja nimeiacha mezani kwa Nathanaeli alipotoka kukagua bustani. Ya pili nimempa dereva wa lori aipeleke Msangano. Majibu yarudi kwenye boksi la chaki nililolipigilia mlangoni mwa ofisi na kuliandika MHARIRI.

Jumatano, 16 Juni

Siandiki vizuri kwa hasira!

Majibu yote mawili yamo boksini leo. Karatasi ileile ya daftari la shule, mwandiko uleule, hakuna majina. La kwanza linasema hivi: makala safi, mwandishi ana sikio na ana ujasiri, ichapwe bila kubadili neno. Nililisoma mara saba. Timotheo! Ndugu yangu! Kutoka Msangano kule kwenye joto na mbu, akili imebaki nzuri vile!

La pili. Loo! Linasema mwandishi hakuingia ndani. Linauliza wasichana hao aliwaona wangapi kwa macho yake. Linasema waliosemwa wasomewe makala kwanza, nao wajieleze. Linamalizia kwa neno moja. Isichapwe.

Isichapwe! Mimi! Kurasa kumi na sita! Nathanaeli amenichinja bila hata kuosha kisu. Anataka karatasi zote ziende kwenye miche yake. Na hawezi kujificha kwangu, chuki yake naijua hata isiposainiwa. Nimepiga teke boksi la chaki. Limevunjika, na kidole gumba changu kimevimba.

Ijumaa, 18 Juni

Vita. Jana sikumsalimu Nathanaeli. Leo niligonga kengele akiwa katikati ya sala ya asubuhi. Alisema amina akaendelea na kazi. Baadaye nikaingia ofisini kwake, nikachukua kiti chake, nikamwambia kinahitajika na Halmashauri ya Wahariri. Nilitaka tugombane. Unajua alifanyaje? Alinishukuru! Kwamba kiti kile kimekuwa kikimuumiza mgongo tangu mwaka jana, na alikuwa anatafuta mtu wa kumpa. Akakaa juu ya sanduku la vitabu, akaniuliza jarida linaendeleaje. Akasema anatumaini mwandishi wa ile makala, yeyote yule, atasikilizwa vizuri na Bwana Elimu.

Mnafiki! Sijawahi kuona mtu mnafiki akiwa mtulivu namna ile. Na kiti kweli kinaumiza mgongo.

Kanuni zinadai kura mbili za kukubali, nami ninayo moja. Nimetafakari. Nimemteua bingwa wa tatu, mtu asiye na upande, ambaye jina lake kanuni haziniruhusu kulitaja. Amesoma makala mbele ya kioo changu. Ameikubali kwa furaha kubwa.

Jumanne, 22 Juni

Jumamosi iliyopita nilimwandikia Timotheo kumshukuru kwa hukumu yake ya kijasiri. Jibu limekuja leo kwa mkono wa dereva. Anasema haelewi ninamshukuru kwa lipi, lakini tutaonana tarehe 26, atakuja na wageni. Mtu mnyenyekevu sana. Wasomi wangekuwa wote kama yeye, jarida langu lingekuwa toleo la kumi sasa hivi.

Nesta ameisoma makala. Sikumpa, aliikuta mezani akiwa anapanga sahani. Alipofika kwa yule msichana aliyeapa kutokwenda kuvuna, akaniuliza sauti ilikuwaje. Nikaiga. Akauliza ana umri gani. Nikasema kumi na sita, labda kumi na saba. Akaweka sahani chini akatoka nje. Nikadhani anaumwa. Nilipochungulia, alikuwa ameshika mti wa kahawa kwa mikono miwili anacheka hadi anapiga magoti. Akarudi anajifuta machozi. Nikamdai aniambie kinachochekesha. Akasema yeye si mtafiti, yeye anaweza kukosea.

Kisha akaacha kucheka. Akaniomba, kwa upole kabisa, niende na jembe kabla ya Jumamosi. Nusu siku tu. Akasema kila mwaka anapokwenda kwao huulizwa mumewe yuko wapi, naye hujibu yuko nje, na amechoka kujibu hivyo. Nilimwambia nitalifikiria mkutano ukiisha.

Jumamosi, 26 Juni

Nitaandika yote kama yalivyotokea, ili vizazi vijue nani aliuharibu utaalamu katika nchi hii.

Mkutano ulikuwa katika darasa la nane. Watu wamejaa, wengine wamesimama madirishani. Bwana Elimu alikaa mbele na koti zito kwa sababu ya baridi, pembeni yake mabunda ya karatasi, meupe, yamefungwa kwa kamba. Sikuweza kuyatoa macho. Nathanaeli akazungumza kwanza, dakika kumi, ameshika mche kwenye kopo. Bwana Elimu akaunusa. Watu wakapiga makofi kwa mche!

Ikawa zamu yangu. Nikasoma kichwa cha habari. Nikasoma utangulizi. Nikaona kalamu ya Bwana Elimu inaandika. Inaandika! Nikafika kwenye vicheko thelathini na kimoja, na hapo mlango ukafunguka.

Akaingia Timotheo. Nyuma yake wanawake watano wa kanisa la Tunduma, na vitambaa vyeupe kichwani. Nyuma yao Elina. Na mbele ya Elina, ameshikwa mkono, Mkwe.

Sikufikiri. Miguu ndiyo iliyofikiri. Niliruka nyuma ya ubao kabla kitambaa chake hakijanigeukia. Karatasi zikamwagika sakafuni, kurasa zote za maelezo ya chini. Bwana Elimu akauliza kama mwalimu ameumwa na nyoka. Nathanaeli akamweleza kwa sauti ya chini mambo ya mkwe na mila. Bwana Elimu akasema basi mwalimu aendelee alipo. Nikaendelea! Nikasoma nyuma ya ubao kurasa nne nilizobaki nazo mkononi, zisizofuatana. Miguu yangu ilikuwa inaonekana chini ya ubao, na nikasikia watoto dirishani wakiisema.

Nilipomaliza, Timotheo akaomba ruhusa waliosemwa wajieleze. Mkwe hawezi kusema nami. Alimwambia Elina kwa Kinamwanga, Elina akatangazia mkutano kwa Kiswahili, na kila neno nililisikia mara mbili.

Alisema hivi. Siku ile wasichana wote wa pale walikuwa kwenye ulezi tangu asubuhi, shamba la pili, ng'ambo ya kilima. Elina aliwaacha huko akarudi kumpikia shemeji yake aliyekuja kukaa juu ya kinu. Waliokuwa ndani na redio ni wao sita waliosimama hapa. Mdogo wao ana wajukuu saba. Aliyemwita mtangazaji mwongo ni mke wa mzee wa kanisa. Aliyeapa kutokwenda kuvuna ni yeye mwenyewe, ambaye amevuna miaka arobaini, na akaona ulezi unaweza kungoja mchezo uishe.

Darasa lilianguka kwa kicheko. Watu waligonga madawati. Nikasikia kicheko cha Bwana Elimu, kinapanda juu ya vingine vyote. Nilitamani sakafu ipasuke, kisha nikatamani iwapasukie wao.

Kicheko kilipopungua Mkwe akaendelea. Akasema kwamba yule aliyelia naye aachwe alie tu, asiandikwe kuwa ameharibika. Ni Marita huyu. Mumewe alikwenda migodini mwaka wa nzige na hajaandika hadi leo. Marita huja kila Jumamosi kwa sababu redio hutaja majina ya watu wa migodini, na huenda siku moja likatajwa jina analolijua. Akasema kwamba mambo mengine ambayo redio imewafundisha ni mengi, kuchemsha maji ya mtoto, bei za ng'ambo, na jinsi ya kumjibu karani, na kama mwalimu angetaka kuyajua wangemwambia yote. Mlango wa nyumba ni uleule. Jembe analijua.

Nilikuwa nimeegemeza paji la uso kwenye ubao, upande wa nyuma, ambao una misumari.

Bwana Elimu akasimama. Akasema amesoma mengi juu ya vijana na redio, lakini bibi wanajifunza nini kwenye redio hajawahi kusikia mtu akiuliza, na huo ndio utafiti. Utafiti! Wa kwangu! Nilihesabu mimi vicheko vile! Kisha akaamua. Karatasi na mashine vinakwenda kwa kijitabu cha kahawa, na kila mwezi kurasa mbili ziwe za akina mama na redio, mwandishi Elina. Jarida la Mwalimu Nzunda lingoje.

Bado hayajaisha. Nathanaeli akasimama. Akasema yeye alikuwa mmoja wa mabingwa walioisoma ile makala bila jina, na alishauri ichapwe bila kubadili neno, maana mwandishi ana sikio na ana ujasiri, na bado anaamini hivyo, ila masikio yangeongezewa macho. Timotheo naye akasimama, akageukia ubao. Akasema aliyeandika isichapwe ni yeye. Alipofika kwenye redio ya sufuria Tunduma alijua nyumba ni ya shangazi yake, akaenda kuuliza, akaandika vile ili kuniokoa na aibu. Aliona jibu halikusikika, ndipo akawaleta wenyewe.

Nilikaa nyuma ya ubao hadi watu wote wakatoka. Nathanaeli! Mtu mmoja tu duniani ameisifu makala yangu, nami nilimnyang'anya kiti. Nilisikia kitu kifuani, sijui nikiite nini, karibu kinitoe machozi. Kisha nikakumbuka kwamba kosa ni lake. Kwa nini hakutia sahihi?

Jumapili, 27 Juni

Nathanaeli amekuja nyumbani baada ya ibada. Sikutoka, lakini nyumba yetu ni ndogo, nilimsikia. Amemwambia Nesta kwamba jina langu linaweza kuingia kwenye kijitabu, ukurasa wa mwisho, pamoja na watu wengine kumi na wawili wa kusambaza. Orodha tena! Nikapaza sauti kutoka chumbani kwamba Mhariri Mkuu hasambazi. Akasema sawa, nafasi ataiacha wazi. Akaacha na mche mmoja kwenye kopo, zawadi. Nesta ameupanda karibu na jiko. Nimeuangalia. Una majani manne na kiburi kingi.

Kanisani watu waliniuliza miguu yangu haijambo.

Jumanne, 29 Juni

Elina amefika kwa lori na ujumbe kutoka kwa Mkwe. Nilitega sikio nikiwa tayari kwa vita vingine.

Ujumbe wenyewe ni huu. Mkwe amekaa akafikiri. Ameona kwamba mwanamume anayemkimbia mkwe wake kwa heshima namna ile, mbele ya Mzungu na kijiji kizima, akaacha hata karatasi zake anazozipenda, amelelewa vizuri. Jembe limesamehewa. Jumamosi hii niende niingizwe ndani. Kuku yupo, togwa imeshaanza kuchachuka. Redio itafunguliwa, wanawake wote sita watakuwepo, Marita pia, na niende na daftari langu, niulize chochote nitakacho, watanijibu hadi nichoke.

Nesta alikaa chini akafunika uso na kanga. Nikafikiri analia, kumbe anacheka, kumbe vyote viwili. Miaka sita. Ameshalifua shati langu jeupe na amelitandaza juani, na sasa hivi namsikia jikoni anaimba, jambo ambalo hajalifanya tangu mwaka jana. Nilimwangalia mke wangu nikafurahi kabisa kwa ajili yake. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Lakini Jumamosi haiwezekani. Nimemwagiza Elina amjibu mama kwa heshima zote. Tangu jana nimeanzisha jarida jipya, Wazee, Sauti na Picha, halafu Bwana Elimu anaondoka Mbeya Jumatatu kwenda likizo, lazima limfikie kabla. Mabingwa safari hii hakuna, wanachelewesha kazi. Makala ya kwanza inahusu bibi sita wa Tunduma, wanachofikiri na wanachohisi wakisikiliza redio, hasa huyu Marita. Kazi nzito inayotaka utulivu. Siwezi kuiacha meza nikaenda kula kuku.

Elina amerudi barabarani kungoja lori. Nesta ameacha kuimba. Amesema ataenda peke yake, na ameingiza shati ndani kabla halijakauka.

Nimefika ukurasa wa tisa. Hawa bibi ninawajua vizuri sana.